Honi ya Kuonea Njia

Siku Leodgar alipomsimamishia gari kongoti, ndipo mkewe Dafrosa alipoona mambo hayawezi kuendelea vile.

Ilikuwa jioni, jua limeshagusa miti, wanatoka Sitalike kurudi kwao Kawajense, mjini Mpanda. Leodgar alikuwa anaendesha Noah yao ya bluu kwa mwendo wa mtu anayetafuta sindano barabarani. Ghafla akapunguza, akawasha indiketa, akaegesha pembeni kwa adabu zote na kushusha kioo.

"Shikamoo mzee," akasema. "Unaelekea mjini? Panda tukusogeze."

Mzee hakuitikia. Alikuwa amesimama kando ya jalala, koti jeusi, shati jeupe, upara mtupu, mabega ameyapandisha kama mkaguzi wa shule aliyekuta darasa halina mwalimu. Leodgar akarudia salamu kwa sauti kubwa zaidi, maana wazee wengine masikio yamechoka. Mzee akageuza shingo, akamtazama kwa jicho moja, akafungua mabawa mapana kama mlango wa kanisa na kurukia mtini.

Wakafika nyumbani. Dafrosa alivua viatu, akakaa, ndipo akasema, "Baba Yustina, leo umetaka kumpa lifti ndege."

"Taa za gari hazina nguvu," alijibu Leodgar. "Zimekuwa za njano. Hata wewe ungekuwa unaendesha ungemwona mtu."

"Mimi nilimwona ndege."

"Wewe hukuwa na kazi ya usukani."

"Nenda hospitali wakakupime macho."

Hapo ndipo Leodgar alipokasirika. Yeye alikuwa mteuzi wa tumbaku, kazi aliyoifanya miaka ishirini na sita. Wakulima wa Katumba walimpangia mbele yake marobota, naye akichomoa jani moja, akilipapasa na kulinyanyua juani, alitamka gredi yake na hakuna aliyebisha. Jani lililo mkononi mwake alilisoma kama padri anavyosoma misale. Kwamba kitu kilicho mita hamsini mbele, jioni, kilikuwa kinageuka ukungu wenye miguu, hilo hakuwa amemwambia mtu, na nafsi yake mwenyewe alikuwa anaificha.

"Macho haya ndiyo yanayotulisha," alisema. "Kinachotakiwa ni spotilaiti."

Kesho yake akarudi na boksi refu. Ndani mlikuwa na taa ya LED, ndefu kama rula ya fundi seremala, yenye taa ndogondogo thelathini na sita zimejipanga kama punje za muhindi. Aliyemuuzia dukani alimhakikishia kwamba ukiiwasha Mpanda, mtu wa Tabora anafunga dirisha. Leodgar aliifuta kwa kitambaa chake cha mfukoni, akaipeleka kwa Nashon.

Nashon alikuwa fundi umeme wa magari, na kibanda chake hakikuwa mbali na pale. Mungu alimpa kipaji, akamnyima subira. Gari lililopita mikononi mwake liliondoka limepona ugonjwa mmoja na kuambukizwa mwingine. Kulikuwa na Carina ya mwalimu mmoja ambayo ukiwasha redio, waipa zinafuta kioo. Mwalimu alizoea, akawa anasikiliza taarifa ya habari masika tu. Hata hivyo watu walimpenda Nashon, kwa sababu hakuwahi kusema neno "haiwezekani."

Akapanda juu ya Noah na drili, akafunga ile taa kwenye paji la gari, juu ya kioo cha mbele. Akashusha waya, akaupitisha chini ya zulia na kuuviringishia tepu nyeusi mpaka ukawa mnene kama mkia wa kenge, akaweka swichi nyekundu karibu na gia. Saa saba mchana, jua la utosini, akasema, "Bosi, washa."

Leodgar akabonyeza. Ukuta wa jirani ukawa mweupe. Jogoo aliyekuwa amelala kivulini akasimama, akawika. Na honi ya Noah ikalia paaaaaa bila kupumua.

Leodgar akazima. Honi ikanyamaza. Akawasha. Paaaaaa.

"Nashon, mbona inalia?"

Nashon akajifuta jasho. "Bosi, hii taa inakula moto mwingi. Lazima ipitie kwenye rilei, ile swichi ya kubeba moto, na rilei yako nimeiagiza, inatoka Mbeya Jumatatu. Kwa hiyo kwa sasa nimeipitishia kwenye rilei ya honi. Ukiwasha taa, honi inalia. Ukipiga honi, taa inawaka. Kwa huku kwetu kwenye mapori ni nzuri zaidi. Mnyama anaona na anasikia."

Mtu mwingine angesema fungua, nitasubiri Jumatatu. Lakini Leodgar alikuwa ameuona ule mwanga. Kwenye ukuta wa jirani, hatua themanini kutoka alipokaa, alikuwa amesoma wazi tangazo la kuuza vifaranga mpaka namba ya simu. Moyo wake ulikuwa umejaa. Jumamosi walikuwa wanakwenda Mamba kumwona mama yake Dafrosa. Wangeondoka mapema na kufika jua lingalipo, na suala la honi lisingetokea kabisa. Akaamua kutomsumbua mkewe kwa mambo madogo ya kiufundi.

*

Jumamosi waliondoka saa saba mchana, wakiwa watatu. Wa tatu alikuwa Séverine, mjane wa miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Katumba, mwenye mgahawa ambako Leodgar alikula mchana kila siku ya soko la tumbaku. Wazazi wake walitoka Burundi mwaka ule wa sabini na mbili. Yeye alijua Kiswahili, Kirundi, na lugha ya tatu ya kuwanyamazisha wateja wakorofi kwa kuwatazama tu. Alikuwa anakwenda Mamba kununua mchele. Alisikia mchele wa Mpimbwe, nchi ya huko Mamba, unanukia hata ukiwa mbichi, akataka akaone mwenyewe.

"Kwa nani nitaulizia?" aliuliza walipopita darajani Sitalike, viboko wamelala chini kwenye tope kama magunia yaliyosahauliwa.

"Kwa mdogo wangu Josephat," alisema Dafrosa. "Ana mashine ya kukoboa. Mchele anaujua kuliko anavyojijua mwenyewe. Ana miaka arobaini na minne, hana mke. Mama kila akimuuliza, anajibu, 'Mama, yuko njiani.' Mwaka wa kumi na moja huu, yuko njiani tu."

"Labda gari lake bovu," alisema Séverine, na wote wakacheka.

Kicheko kiliisha walipoingia hifadhini. Mbung'o wana udhaifu mmoja unaojulikana: wanapenda rangi ya bluu. Noah iliwapendeza mno. Kiyoyozi kilikufa zamani, madirisha yalikuwa wazi, wakaingia kama abiria waliokata tiketi. Leodgar alijipiga vibao vya shingo mpaka gari likayumba. Dafrosa alijifunika kanga. Séverine, ambaye mbung'o walimwona mgeni wa heshima, alimwita Mungu wake kwa Kirundi, "Mana yanje we!" akaanza kupekua mizigo ya nyuma.

"Mama Yustina, hiki ni nini?"

"Chandarua. Zawadi ya mama. Jifunike tu, hakitaharibika."

Kilikuwa chandarua cheupe, kipya, kikubwa cha kitanda cha futi sita. Séverine akajitupia kichwani, akajizungushia mara tatu na kukaa katikati ya wingu jeupe, ametulia.

Kisha wakakutana na twiga watatu wamesimama katikati ya barabara, wanatazama upande mmoja kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi. Hapo wakapoteza karibu saa nzima. Walipofika Usevya tairi la nyuma likapiga kelele na kulala. Mpaka wanamaliza kufunga la akiba, mbu wameshapokea zamu ya mbung'o na Séverine bado yumo ndani ya chandarua, jua lilikuwa limekwisha kuzama na giza limepiga magoti mashambani.

Leodgar akawasha taa kubwa za gari. Hakuna kitu. Akazizima, akaziwasha tena, akashuka na kuzipiga kofi. Hakuna kitu. Akampigia simu Nashon.

"Eeh bosi," alisema Nashon kwa furaha. "Hizo kubwa nilizitoa fyuzi, nikaihamishia kwenye spotilaiti. Si una spotilaiti? Za nini tena zile?"

"Naweza kuirudisha?"

"Usiguse bosi! Utachoma gari."

Leodgar akakata simu. Akakaa kwenye usukani, akiwa na mikono magotini. Gesti ya Usevya haikuwa mbaya, lakini mama mkwe alikuwa ameshachinja kuku, na mkwe aliyeambiwa kuku amechinjwa asipofika, ukoo mzima unaliandika kosa.

"Mama Yustina," alisema, "kuna jambo moja dogo la kiufundi."

Akabonyeza swichi nyekundu.

*

Barabara ilifunguka mbele yao kama mchana. Kila jiwe lilionekana, kila shina la muhindi, panya akivuka, macho ya mbuzi huko mbali yanang'aa kama vifungo. Leodgar hakuwahi kuona vizuri namna ile kwa miaka mitano. Na honi ililia paaaaaa, bila kituo wala koma, kutoka Usevya kuelekea Mamba.

"ZIMA!" alipiga kelele Dafrosa.

Akazima. Dunia ikatoweka. Gari likaelekea mtaroni.

"WASHA!"

Akawasha. Wakaenda hivyo. Ndani ya gari hapakuwa na mazungumzo yanayowezekana. Dafrosa alimwambia mumewe mambo mengi, na Leodgar akashukuru kwamba hakuyasikia.

Sasa, nchi ile, kama sehemu nyingine zote za Tanzania, ina maana moja tu ya gari linalokuja jioni limewasha taa zote na kupiga honi mfululizo. Watu walitoka nje ya nyumba. Wanawake waliokuwa wanasonga ugali walitoka na miiko mikononi. Mwanga ulipowapitia waliona ndani ya gari, kwenye kiti cha nyuma, mwanamke amekaa wima, amefunikwa kitambaa cheupe kutoka utosini mpaka magotini.

"Bibi harusi!" mtoto mmoja alipiga kelele. "Bibi harusi huyo!"

Vigelegele vikapokezana kijiji kwa kijiji. Pale Majimoto bodaboda mbili zikawafuata nyuma, nazo zikipiga honi. Zikawa tano. Zikawa kumi na moja. Trekta lililokuwa limebeba wavunaji wa mpunga likageuza, maana wavunaji walisema hawawezi kukubali harusi ipite wakiitazama tu. Walipoingia Mamba, Leodgar alitazama kioo cha nyuma, akaona msururu wa taa usio na mwisho.

"Kuna ajali nyuma?" aliuliza. Hakuna aliyemsikia.

Bibi Generosa, mama yake Dafrosa, alikuwa mwanamke wa miaka sabini na nne, mwembamba kama ufito. Alisimama mlangoni mwa nyumba yake na kibatari mkononi. Aliliona gari la mkwewe, aliusikia umati, akamwona mwanamke aliyefunikwa nyeupe akishuka.

"Kumbe kweli," alisema, "alikuwa njiani."

Akapiga kigelegele ambacho kilikuwa kimekaa kifuani kwa miaka kumi na moja. Wanawake wakamrukia Séverine, wakamshika mikono na kuanza kumchezesha.

"Oya!" alipiga kelele Séverine. "Oya, oya!"

Kwa Kirundi, neno hilo maana yake ni hapana. Lakini vijana wa bodaboda hawakujua Kirundi. Walisikia bibi harusi mchangamfu anawaita, wakaitikia kwa mikono juu, "Oyaaaa!" Kadiri alivyokataa ndivyo walivyozidi kushangilia.

Leodgar akazima swichi ili aeleze. Giza likaanguka, na kelele za kulalamika zikapanda pande zote. "Washa! Tumwone bibi harusi!" Akawasha. Honi ikameza kila neno. Hapo ndipo ilipoonekana shida iliyowakalia: mwenye kutaka kuona hakusikia, na mwenye kutaka kusikia hakuona.

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Silvesta, alikuwa mtu wa utaratibu. Alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akanyoosha mkono na kuamuru gari lizimwe.

"Ndugu zangu," alisema gizani. "Tutakwenda kwa zamu. Tutazungumza gizani, halafu tutatazama kwa mwanga. Nikisema 'picha,' mkwe atawasha. Nikisema 'hotuba,' atazima. Mmenielewa nyie?"

"Ndiyo!"

"Picha!"

Paaaaaa. Séverine alionekana katikati ya uwanja, chandarua kimemfika puani, mdomo unafunguka na kujifunga.

"Hotuba!"

"...nimekuja kununua mchele!" sauti yake ilimalizia gizani. "Magunia matatu! Sina mume hapa!"

Kisha Bibi Generosa akasema kwa sauti ya huruma, "Mnamsikia? Anaanza na kutafuta chakula cha nyumba. Huyu amelelewa."

"Na mume anasema hana!" mwanamke mwingine akadakia. "Ndiyo, mpaka apewe. Ana haya mtoto wa watu."

"Picha!" akasema mzee Silvesta.

Leodgar hakuwasha. Aliona, au tuseme alihisi, kwamba mwenye makosa ni yeye, na kwamba mwanamume mwenye ndevu hawezi kukaa nyuma ya usukani akiwa anawasha na kuzima aibu ya mtu mwingine. Akashuka garini. Akakohoa.

"Wazee wangu, mama zangu," alisema. "Naomba mnisikilize. Huyu dada si bibi harusi. Hii honi haikuwa ya harusi. Ni kwamba nimefunga spotilaiti, na fundi hakuwa na rilei, kwa hiyo ameipitisha kwenye honi. Na fyuzi ya taa kubwa ameihamisha. Bila honi sioni njia. Na hicho alichovaa ni chandarua, kwa sababu ya mbung'o, ambao wanapenda bluu."

Watu walisikiliza mpaka mwisho. Kisha kicheko kikaanza kwa mbali, kwenye trekta, kikatambaa uwanja mzima. Mtu mmoja alilia kwa kucheka.

"Mkwe wetu fundi wa maneno!" alisema mzee Silvesta. "Honi ya kuonea njia! Basi na mimi nina taa ya kusikilizia redio. Mkwe, mila tunazijua, mshenga lazima akane. Umekana vizuri. Sasa picha!"

Leodgar akasimama pale. Alikuwa amesema kweli tupu, na kweli ilikuwa ya kipuuzi kuliko uongo wowote ambao angeweza kutunga. Akarudi garini, akamkuta Dafrosa amekaa kiti cha pembeni, amejikunja anacheka bila sauti, machozi yanamtoka.

"Mama Yustina," alinong'ona. "Unacheka?"

"Nifanye nini?"

Leodgar akashika usukani. Gizani mle, nje watu wanaimba, neno alilolibeba kwa muda mrefu likamponyoka lenyewe. "Mimi sioni. Jioni ikifika sioni. Hata sasa hivi wale nje ni moshi tu."

Dafrosa akaacha kucheka. Akautafuta mkono wake kwenye gia, akaushika. "Najua," alisema. "Ulidhani nani amekuwa akikwambia 'kona hiyo, shimo hilo, mbuzi huyo' mwaka mzima? Nilikuwa napiga soga?"

*

Josephat alifika kutoka mashineni akiwa hajui lolote. Alikuwa amekuja mbio, kwa sababu mtoto alimwendea akisema kwenu kuna watu mia, naye akajua mama amefariki. Alikuwa mweupe kwa pumba kutoka nywele mpaka kope. Umati ulipomwona ukapasuka. "Hata yeye kavaa nyeupe!" walishangilia. Wakamsukuma mpaka mbele ya Séverine. Mzee Silvesta akasema "picha," Leodgar akabonyeza, na wale watu wawili weupe wakatazamana kwenye mwanga ule mkali, honi ikilia juu ya vichwa vyao.

Midomo ya Séverine ilitamka kitu. Josephat, ambaye miaka kumi na tano alikuwa akifanya kazi kando ya mashine inayonguruma kutwa, alizoea kusoma midomo. Ndiyo maana pale uwanjani, kati ya watu wote, yeye peke yake alisikia.

Akainama karibu na sikio lake. "Magunia matatu ya mchele gani, dada? Mpya au wa mwaka jana?"

Séverine akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ashuke garini mtu kumjibu jambo alilolisema. "Mpya," alisema. "Usio na mawe. Na nitauchagua mwenyewe."

"Kesho asubuhi basi. Saa hizi huwezi kuona punje." Akageukia umati, akaashiria Leodgar azime. "Jamani, mgeni amechoka. Nyie mmesafiri? Yeye amesafiri. Kaleni kilichopo, mwende mkalale."

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kushindana na injini, na watu wakatii. Kuku mmoja wa Bibi Generosa hakutosha, lakini majirani walileta ugali, wavunaji wakaleta mchele, mtu akaleta dagaa, na watu mia wakala harusi ambayo haikuwepo.

Asubuhi Noah haikuwaka. Taa na honi zilikuwa zimelamba betri mpaka ikakauka, na betri ya kuazima ilikuwa Majimoto, kwa mtu aliyekwenda shamba. Wakakaa Jumapili yote. Séverine alikwenda mashineni, akaingiza mkono mpaka kiwiko ndani ya kila gunia, akatafuna punje, akatema, akatafuna nyingine. Aliyakataa magunia mawili. Josephat hakubishana, aliyabeba akayarudisha ndani, akaleta mengine. Lile la nne alilikataa pia.

"Hili lina unyevu," alisema.

"Lina unyevu," alikubali Josephat. "Nilitaka nione kama utajua."

"Na ningelikubali?"

"Ningekwambia."

Séverine akajifuta mikono kwenye kitenge. Alimtazama vizuri kwa mara ya pili, safari hii pasipo honi. Kisha akakaa juu ya gunia zuri, wakaanza kuzungumza habari za mashine, za mgahawa, za marehemu mumewe, mpaka Dafrosa alipokwenda kuwaita chakula na kurudi bila kuwaita.

Jumatatu betri ikapatikana. Kabla ya kupanda gari Séverine alikunja kile chandarua vizuri, akampelekea Bibi Generosa chumbani, akapiga goti.

"Mama," alisema, "naomba nisikuache na uongo. Mimi si bibi harusi. Mimi nilikuja kununua mchele."

"Najua, mwanangu," alisema Bibi Generosa.

"Unajua?"

"Uliposhuka ulikuwa na karatasi ya dukani inaning'inia begani, imeandikwa futi sita kwa sita. Mimi nimezeeka, sijapofuka." Bikizee akakipokea chandarua, akakilaza magotini. "Lakini nimepiga vigelegele kwenye nyumba za watu miaka yote hiyo. Kwa huyu mkora wangu Josephat, ndani ya uwanja wangu, sijapigiwa hata kimoja. Nikasema, Generosa, wakikuletea harusi ya bure, iliyokosea njia, uikatae ili iweje? Nilitaka jioni moja tu. Nimeipata. Nenda salama."

Séverine hakuwa mtu wa machozi. Akambusu yule mama mkono, akatoka nje kwa haraka.

Aliyeendesha kurudi Mpanda alikuwa Dafrosa, mchana kweupe. Leodgar alikaa kiti cha pembeni, akakubali bila kuombwa kwamba kabla ya wiki kuisha atakwenda kwa daktari wa macho, na akaomba jambo moja tu, kwamba wakulima wa Katumba wasiambiwe. Wakulima wa Katumba waliambiwa na Séverine siku ya soko, saa nne asubuhi. Wakacheka kidogo, kisha mzee mmoja akasema kumbe ndiyo maana mteuzi alimwamkia ng'ombe wake Agosti iliyopita, yeye alidhani ni heshima ya kabila la Wakonongo.

Josephat alianza kuja Katumba mara moja kila wiki mbili. Nyumbani alisema anafuata mkanda wa mashine. Mikanda ilivyozidi kukatika, mzee Silvesta akauliza hadharani mashine ile inakoboa mpunga au mawe. Mwezi wa nne wa safari hizo, Séverine alimkalisha meza ya jikoni, akamwekea sahani, akaketi mbele yake.

"Watu wa Mamba wananiita mkeo," alisema. "Wateja wangu wanakuita mtu wa mkanda. Wewe unajiita nani?"

Josephat akatafuna polepole, akameza. "Mimi naona aibu," alisema. "Watu wameshakula harusi. Wameshacheza. Nikisema sasa ndiyo naoa, watadai nini tena?"

"Watadai kula tena," alisema Séverine. "Maliza chakula. Kesho twende kwa padri."